Alianguka bafuni

Kama ningehesabu sentensi zote nilizoandika katika majalada ya wagonjwa tangu nilipoanza kazi ya uuguzi, nadhani mojawapo ya zilizojirudia mno ni hii: "Alianguka bafuni." Kuna siku bafu lilipisha ngazi, na kuna siku mlango ulisukumwa na upepo ukampiga mtu jichoni, lakini habari ilikuwa ileile. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, nikaweka tarehe, saa na sahihi, kisha nikalifunga jalada, huku nikijua fika kwamba sakafu ya bafu haina vidole, na kwamba shingo ya mama niliyekuwa nimetoka kumhudumia ilikuwa na michubuko minne midogo upande mmoja na mmoja mkubwa zaidi upande wa pili.

Ninaandika makala hii kwa sababu ya sentensi hiyo. Nataka kueleza jinsi ukatili unavyoingia wodini na unavyoigeuza kazi ya muuguzi, na kwa nini sisi, watu tunaoandika hadi mililita za mkojo wa mgonjwa saa baada ya saa, tunakuwa wazito kuliandika jambo hili moja. Maelezo ya wagonjwa nitakaowataja nimeyabadilisha kiasi cha kutosha asiwepo wa kutambulika.

Kwa muda mrefu ukatili ulihesabiwa kuwa shughuli ya polisi, mahakama na wakubwa wa familia, na hospitali ikabaki mahali pa kushona tu. Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuutambua ukatili kuwa tatizo kubwa la afya ya jamii, na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti iliyokadiria kwamba watu wapatao milioni 1.6 walikufa kwa ukatili katika mwaka 2000 peke yake. Nilipoisoma, jumla hiyo haikunishtua kama mgawanyo wake ulivyonishtua: karibu nusu ya watu hao walijiua wenyewe, takribani theluthi moja waliuawa na watu wengine nje ya vita, na kama sehemu moja tu ya tano ndio waliokufa vitani. Vita ndivyo vinavyojaza taarifa za habari, ilhali wengi zaidi wanakufa bila mwandishi yeyote kupita karibu. Tena hizo ni hesabu za waliokufa. Muuguzi hukutana zaidi na waliobaki hai, na hao hesabu yao haiwezi kuwa kamili, kwa kuwa wengi wao wako kwenye majalada kama watu walioanguka bafuni.

Mama mmoja aliletwa usiku akiwa ameubeba mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba kitu cha kuazima. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa ulna umevunjika katikati, na mwenzake uliolala kando yake mzima kabisa. Mtu anayeanguka kwa kawaida hutanguliza kiganja, na nguvu ya kuanguka huishia karibu na kifundo cha mkono. Mfupa huo wa upande wa kidole cha mwisho ukivunjika peke yake, tena katikati, jambo la kwanza la kufikiria ni mkono ulioinuliwa kukinga uso. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mpole, amempakatia mkoba wake, na kila nilipomwuliza mama swali, jibu lilitoka kwa baba. Umri wake, akajibu yeye. Maumivu yalianza saa ngapi, akajibu yeye. Ana mzio wa dawa yoyote, akajibu yeye tena, na kwa usahihi, maana baadaye mama aliyathibitisha.

Nikafanya kile ambacho wauguzi wengi wanakifahamu ingawa hakimo katika kitabu chochote nilichosomeshwa. Nikamwambia mama kwamba daktari anahitaji kipimo cha mkojo, nikamshika kiwiko cha mkono mzima, tukatembea polepole hadi chooni na nikafunga mlango nyuma yetu. Nilikuwa na dakika tatu hivi kabla baba hajaanza kuuliza tumekawia wapi. "Mama," nikamwambia, "kuna mtu aliyekuumiza?" Aliutazama mlango kwanza, ndipo akanitazama mimi. "Sista, nilianguka bafuni." Kisha, alipokuwa akinikabidhi kile kikopo, akasema bila kuulizwa: "Watoto wamebaki nyumbani." Niliona ni maneno ya mama mwenye wasiwasi wa kawaida, nikamwambia asijali, atarudi kwao asubuhi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba lile ndilo lilikuwa jibu la swali langu, na kwamba mimi nililijibu kwa kumwahidi kumrudisha kulekule.

Mwongozo wa kitabibu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 haushauri kila mwanamke anayefika kituoni aulizwe kama anapigwa. Unashauri aulizwe pale dalili zinapoonekana, na aulizwe akiwa faraghani, kisha asikilizwe bila kuhukumiwa, aonyeshwe kwamba anaaminika, apangiwe usalama wake na aunganishwe na msaada. Ninaukubali, lakini ninaomba msomaji afikirie neno faragha katika chumba chenye vitanda vinavyotenganishwa na pazia. Pazia huzuia macho, sauti halizuii. Ndiyo maana choo kimekuwa ofisi yangu ya ushauri kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na ndiyo maana nikisikia mtu analalamika kwamba wauguzi hawaulizi, humwuliza kwanza nikae wapi na huyo mgonjwa, na nani abaki na wale wengine kumi na wanane nikiwa nimekaa.

Shingo inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa hapo ndipo kutokuandika kunapoweza kuua. Mtu aliyekabwa koo anaweza kufika akiwa hana alama yoyote ya nje. Kinachobaki ni sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, vidoa vidogo vyekundu kwenye weupe wa macho, au kumbukumbu yenye pengo la sekunde chache ambalo yeye mwenyewe analichukulia kuwa ni uoga tu. Mishipa ya damu ya shingoni inaweza kuwa imejeruhiwa kwa ndani, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye, wakati jalada limekwisha rudi kabatini. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, katika miaka ya 1980 alitunga orodha ya maswali ya kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake, na swali la kukabwa ni mojawapo, pamoja na vitisho vya kuua, upatikanaji wa silaha na kipigo kinachozidi kuwa kikali. Ninamtaja kwa makusudi. Tumezoea kudhani kwamba muuguzi ni mtu wa kutekeleza yaliyobuniwa na wengine, ilhali katika jambo hili wauguzi walitangulia. Mwaka 1974 muuguzi Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom, waliokuwa wakizungumza na wanawake walioletwa hospitali moja ya Boston baada ya kubakwa, ndio walioeleza kitabibu kile ambacho wanawake hao hupitia katika wiki na miezi inayofuata, yaani jinamizi, hofu ya vitu vilivyokuwa vya kawaida na usingizi unaokatika.

Kwa aliyebakwa, saa ya ukutani ina maana nyingine. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120, nazo pia hufaa zaidi zikiwahi. Nguo alizovaa huwekwa kwenye mifuko ya karatasi, kila moja wake, kwa sababu plastiki hufuga unyevu na ukungu ukaharibu ushahidi, na ikibidi nguo ikatwe, mkasi haupitishwi palipochanika. Nayajua yote haya kwa moyo. Ninajua pia kwamba msichana mmoja aliketi kwenye benchi la mapokezi kuanzia alfajiri hadi adhuhuri kwa sababu alipoulizwa shida yake mbele ya foleni alisema ana homa, na aliyemwuliza akaandika homa. Hakusema uongo wa kumlaumu. Ilikuwa homa, kwa maana ya swali lilivyoulizwa.

Yapo mengine ambayo ukatili huyafanya wodini na ambayo hayana ushairi wowote. Aliyechomwa kisu anaingia chumba cha upasuaji, na mwenye ngiri aliyefunga kula tangu usiku anaambiwa arudi wiki ijayo. Damu iliyotunzwa kwa ajili ya akina mama wanaojifungua inaisha. Aliyechoma na aliyechomwa wanaweza kulazwa usiku mmoja, na ndugu wa pande zote mbili wakasimama kwenye korido ileile, nasi tukapita katikati yao na sinia la dawa tukijifanya hatusikii wanayoambizana. Muuguzi hana ruhusa ya kuchagua. Nimewahi kusafisha kidonda cha mkononi cha kijana aliyekipata kwa kumpiga mtu mdomoni, jeraha ambalo ni la hatari kuliko linavyoonekana kwa sababu ya bakteria wa meno, na mtu aliyepigwa alikuwa kitanda cha tatu kutoka pale. Nilimsafisha vizuri. Sina hakika kama nilimtazama usoni.

Ni lazima niseme pia juu ya waliojidhuru wenyewe, kwa sababu hapo aibu ni yetu. Analetwa mtu aliyekunywa sumu, na kabla mrija haujaingia puani tayari amekwisha ambiwa kwamba anapoteza nafasi ya wagonjwa wa kweli. Nimeyasikia maneno hayo yakitoka kwa wauguzi ninaowaheshimu, na wakati mmoja, nikiwa nimechoka, yalinitoka mimi. Ukizingatia kwamba karibu nusu ya vifo vya ukatili vilivyohesabiwa ni vya watu kama huyu, ni vigumu kueleza ni ugonjwa gani wa kweli tunaousubiri.

Sasa nije kwa ukatili unaomwangukia muuguzi mwenyewe. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha tafiti 253 kutoka nchi nyingi, ulikuta kwamba asilimia 61.9 ya wahudumu wa afya walikutana na aina fulani ya ukatili kazini ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 24.4 walishambuliwa kimwili. Nilipozisoma takwimu hizo mbele ya wenzangu wakati wa kukabidhiana zamu, hakuna aliyeshangaa. Mmoja aliuliza hao wengine asilimia thelathini na kitu wanafanya kazi wapi ili aombe uhamisho.

Usiku mmoja ndugu wa mgonjwa alinipiga kofi. Baba yake alikuwa amefariki dakika kumi kabla, tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima, na yeye alikuwa ameita mara tatu wakati mimi nimeshikilia mrija wa mgonjwa mwingine. Miwani yangu iliruka ikaanguka chini ya kitanda. Ninakumbuka kwamba kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinama kuitafuta, kwa kupapasa, na kwamba mgonjwa wa kitanda hicho, mzee ambaye kwa siku mbili hakuwa amesema neno, aliinyoosha kwangu akisema, "Pole, binti yangu." Niliifuta kwa pindo la sare nikaenda kuchukua vipimo vya saa nane usiku. Presha, mapigo ya moyo, joto, kupumua, vyote nikavijaza kwenye chati. Asubuhi, katika kitabu cha ripoti, niliandika: "Usiku ulikuwa na shughuli nyingi. Kifo kimoja. Wagonjwa wengine wametulia."

Nimeitafakari ripoti hiyo mara nyingi. Niliyekuwa nimepigwa nilikuwa mimi, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, hakukuwa na mume aliyeketi ukingoni mwa kitanda akinijibia, na bado nikaandika kwamba nilianguka bafuni. Sababu nilizojipa zilikuwa ni zilezile ambazo wauguzi hupeana kila mahali: amefiwa, hakukusudia, fomu ni ndefu, nitaulizwa nilifanya nini hadi akakasirika, na hata nikiandika hakuna kitakachofanyika. Ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Ila nayo hujizaa yenyewe: msimamizi anayeomba mlinzi wa usiku huulizwa matukio mangapi yameandikwa, akifungua kitabu anakuta usiku wote ulikuwa na shughuli nyingi na wagonjwa wametulia.

Sipendi pia tufanye kosa la upande wa pili, tukaviweka vipigo vyote kapu moja. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka anaweza kurusha ngumi, na tiba yake ni sukari, si mlinzi. Mzee aliyechanganyikiwa usiku kwa sababu ya maambukizi ya mkojo anayemng'ang'ania muuguzi nywele anaogopa kuliko anavyochukia. Hao tunawatibu, na bado tunaandika, kwa kuwa jeraha la muuguzi halipungui kwa sababu aliyelisababisha hana hatia. Zipo orodha fupi za kumsaidia muuguzi kuona mbele. Ile iliyotengenezwa Brøset, nchini Norwe, ina dalili sita tu: kuchanganyikiwa, kukereka, kelele, vitisho vya maneno, vitisho vya vitendo na kuvishambulia vitu. Hujazwa kwa muda mfupi sana. Mwenye akili timamu anayempiga muuguzi kwa sababu foleni ni ndefu yuko fungu lingine kabisa, na huyo simpi jina la mgonjwa.

Foleni yenyewe, hata hivyo, ina asili yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kuhusu hali ya uuguzi ilihesabu wauguzi milioni 27.9 duniani na upungufu wa milioni 5.9. Upungufu huo haukai kwenye karatasi. Anayekutana nao ni yule anayeita mara tatu bila kujibiwa. Hasira yake humwangukia muuguzi aliyepo, asiyekuwepo hana wa kumpiga, na aliyepo akichoka kupigwa naye huondoka, mara nyingi bila kusema sababu. Huandika kwenye barua kwamba anaacha kazi kwa mambo ya kifamilia. Sentensi ile imebadilisha nguo tu.

Ripoti hiyohiyo inasema wauguzi tisa kati ya kumi ni wanawake. Ukiiweka kando ya makadirio ya mwaka 2021, kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wake, au ukatili wa kingono na mtu mwingine, unapata picha ambayo sisi wenyewe hatupendi kuitazama: kati ya wauguzi watatu wanaovaa glavu kumhudumia yule mama wa mkono uliovunjika, huenda mmoja anajua njia ya kwenda bafuni. Nilifanya kazi na dada mmoja aliyevaa sweta la mikono mirefu msimu wa joto kali. Tulimtania kwa baridi yake. Sikumwuliza kitu, mimi niliyekuwa hodari wa kuwapeleka wagonjwa chooni.

Ukatili wa sisi kwa sisi nitaupitia haraka, si kwa sababu ni mdogo bali kwa sababu kila muuguzi anaujua bila kuelezwa: mwanafunzi anayekaripiwa mbele ya mgonjwa hadi mikono inatetemeka akashindwa kuupata mshipa, na ratiba ya zamu inayotumika kama fimbo. Katika maeneo yenye vita hali ni ya aina nyingine tena. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2286 tarehe 3 Mei 2016 kulaani mashambulizi dhidi ya hospitali na wahudumu wa afya, na hospitali zimeendelea kupigwa mabomu.

Kuhusu kazi za kila siku, Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unasema kwamba kila mtu ana haki ya kufanya kazi pasipo ukatili wala unyanyasaji, na kwa sekta kama ya afya unataka hatari hizo zitambuliwe mapema. Ninaupenda mkataba huo kwa sababu unaliondoa neno ambalo limetuumiza kuliko kofi lenyewe, kwamba ni sehemu ya kazi. Kinachobaki ni vitu vidogo vya mkono: chumba chenye mlango wa pili, kiti cha muuguzi kilichowekwa upande wa mlango na si upande wa dirisha, mtu wa kuwaeleza ndugu kwa nini wanasubiri kabla hawajauliza kwa ukali. Kengele ya dharura nayo ni nzuri, mradi awepo wa kuja inapolia. Mahali nilipowahi kufanya kazi ilikuwapo, nyekundu, inang'aa, na iliita kwenye meza yetu wenyewe.

Majalada yangu ya siku hizi yanasomeka tofauti kidogo. Ninaandika: "Mgonjwa anasema alianguka bafuni." Mstari unaofuata ninaandika nilichokiona, mahali, ukubwa kwa sentimita, rangi, umbo, nikachora na mchoro wa mwili, na mwisho: "Majeraha hayalingani na maelezo." Neno "anasema" linamwachia yeye kauli yake, maana huenda ndiyo inayomlinda usiku huo, na mstari wa pili unabaki kabatini ukimsubiri siku atakapouhitaji. Kuna mmoja alirudi kuuhitaji, baada ya miezi minane.

Na mwaka jana mgonjwa mwenye akili zake timamu alinisukuma hadi nikagonga kabati la dawa. Nilimaliza kugawa dawa, nikaomba kitabu cha matukio, ambacho kilitafutwa kwa robo saa, na nilipokifungua nikakuta ukurasa wa kwanza hauna kitu. Muuguzi msimamizi alisimama pembeni yangu akiwa ameshika funguo. "Una hakika unataka kuandika?" akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya kunizuia. Nikaandika tarehe, saa, na mahali palipoandikwa jina la aliyeumizwa nikaweka langu.